Bibi akisema, "Mmeniibia"

Msimu wa korosho Masasi na Newala, mzee mwenye ugonjwa wa usahaulifu huweza kuficha fedha za mauzo, kisha akamshuku mkwe au mjukuu. Hasemi uongo: kumbukumbu ya kuzificha imefutika.

• Msibishane. "Pole bibi, tuzitafute wote" hutuliza.

• Anzeni na pindo la kanga, chini ya godoro na ndani ya debe la unga.

• Wekeni miwani na funguo za akiba.

• Wizi wa kweli hutokea pia: andikeni kilichopotea na siku yake.

• Amebadilika ghafla? Msikimbilie kusema karogwa. Mpelekeni hospitali, kama ya Mtakatifu Benedikto, Ndanda. Malaria au maambukizi ya mkojo huvuruga akili za wazee, na yanatibika.