AFYA YAKO: Usifungue Chuma Usichokijua

Ndugu msomaji, leo tutajifunza juu ya mionzi. Mionzi haionekani kwa macho. Haina harufu wala ladha. Lakini inaweza kuponya, na inaweza kuua. Kwa hiyo ni lazima tuielewe.

Mionzi ni nini?

Kila kitu duniani kimeundwa kwa chembe ndogo sana. Chembe hizo huitwa atomu. Katikati ya kila atomu kuna kiini. Viini vingi vimetulia. Vingine havikutulia. Hivyo hubadilika vyenyewe, na vinapobadilika hutoa nguvu. Nguvu hiyo ndiyo mionzi.

Mwaka 1895 mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, aligundua eksirei. Eksirei ni mionzi inayotengenezwa na mashine ya umeme. Mwaka 1896 Henri Becquerel wa Ufaransa aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe, bila mashine. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre waligundua radi, ambayo hutoa mionzi mikali zaidi.

Faida yake

Eksirei humwonyesha daktari mfupa uliovunjika na mapafu yenye kifua kikuu. Mionzi mikali huua chembe za saratani. Katika Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wengi wa saratani hutibiwa kwa mionzi.

Watu wengine huogopa kupigwa picha ya eksirei. Husema kwamba mionzi itabaki mwilini. Hiyo si kweli. Mashine ikizimwa, mionzi ya eksirei imekwisha, kama vile taa ikizimwa mwanga hautabaki chumbani. Ila mama mjamzito amwambie mganga kabla ya kupigwa picha.

Hatari yake: yaliyotokea Brazil

Mashine nyingine za kutibu saratani hazitumii umeme kutengeneza mionzi. Ndani yake mna kitu kinachotoa mionzi mchana na usiku. Kitu hicho hakizimiki. Hufungwa ndani ya chuma kizito ili mionzi isitoke ovyo.

Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, mashine ya namna hiyo ilikuwa imeachwa katika jengo la hospitali lililohamwa. Hapakuwa na mlinzi. Mwezi wa Septemba watu wawili waliingia wakaing'oa sehemu ya mashine. Walitaka kuuza chuma chakavu. Hawakujua kwamba ndani mna unga wa seziamu, usiofika hata gramu 100.

Watu hao walianza kutapika. Walidhani wamekula chakula kibaya. Hata hivyo, mmoja wao aliendelea kukivunja chuma hicho. Kisha kikauzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Usiku mnunuzi aliona mwanga wa buluu ukitoka ndani ya chuma. Akaupenda sana. Aliwaita jamaa na majirani waje kuutazama. Wengine walipewa unga huo, wakaenda nao nyumbani. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa kike wa miaka sita aliuchezea, kisha akala chakula bila kunawa mikono. Unga ukaingia tumboni.

Siku chache baadaye watu wengi waliugua. Walitapika, waliharisha na ngozi zao ziliungua. Mke wa mnunuzi ndiye aliyetambua kwamba ugonjwa ulianza baada ya kitu kile kuingia nyumbani. Alikipeleka kwa wataalamu wa afya. Kesho yake mtaalamu mmoja alileta chombo cha kupimia mionzi. Ndipo hatari ikajulikana.

Watu zaidi ya 112,000 walipimwa. Watu 249 walikutwa na unga huo mwilini au katika nguo zao. Watu wanne walikufa, pamoja na yule mtoto na yule mama aliyetoa habari. Nyumba kadhaa zilibomolewa na udongo ulichotwa ukazikwa. Nguvu ya seziamu hupungua nusu kila baada ya miaka 30. Haiishi kwa kuoshwa wala kwa kuchomwa moto.

Tufanye nini?

Siku hizi biashara ya chuma chakavu imefika mpaka vijijini. Vijana na watoto huokota vyuma kila mahali. Kwa hiyo tushike mambo haya:

1. Ijue alama ya mionzi. Ni duara dogo jeusi lililozungukwa na mapanga matatu, kama pangaboi. Mara nyingi rangi ya nyuma ni ya manjano.

2. Ukiona alama hiyo, au chuma kidogo chenye uzito wa ajabu kuliko umbo lake, usikiguse. Usikifungue, usikigonge wala usikichome.

3. Kaa mbali. Mionzi ni kama moto: ukisogea karibu na ukikaa muda mrefu utaungua zaidi. Waondoe watoto.

4. Toa habari upesi kwa mwenyekiti wa kijiji, zahanati au polisi. Wao watawaita wataalamu wa mionzi. Hapo Brazil zilipita siku 16 tangu chuma kuchukuliwa mpaka hatari kujulikana. Kama habari ingetolewa mapema, huenda watu wasingekufa.

5. Kama umekigusa, nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula. Vua nguo ulizovaa uziweke kando. Nenda hospitali, umweleze mganga ulichokigusa. Usifiche kwa kuogopa kulaumiwa.

Ndugu msomaji, watu wa Goiânia hawakuwa wajinga kuliko sisi. Hawakuambiwa tu. Wewe sasa umeambiwa. Mwambie na jirani yako ambaye hajaweza kusoma.

Maneno mapya

Mionzi: nguvu isiyoonekana inayotoka katika atomu au katika mashine ya eksirei.
Seziamu: aina ya metali. Aina yake moja hutoa mionzi mikali.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini mionzi ya eksirei haibaki mwilini?
2. Yule mtoto alipataje unga tumboni?
3. Katika kijiji chenu, ni nani hununua chuma chakavu? Je, anaijua alama ya mionzi?