Sauti ya Mkongwe Jukwaani: Mafunzo Niliyopata

Mwimbaji aliyetamba akiwa na miaka thelathini, je, akivuka sitini anaweza kweli kubeba mchezo mzima wa nyimbo jukwaani? Swali hili naulizwa na vijana wanaoandaa maonyesho. Naulizwa pia na waimbaji wenyewe, ila wao husubiri watu waondoke kwanza. Nimefundisha uimbaji sehemu kubwa ya maisha yangu: kwaya, kisha taarab, na baadaye michezo ya jukwaani ambamo mtu huimba, husema, hucheza na kupanda ngazi usiku huohuo mmoja. Jibu langu ni ndiyo, anaweza. Ila ndiyo hiyo ina kazi nyingi nyuma yake, na wengi huianza wakiwa wamechelewa.

Wewe unayesoma najua una onyesho kichwani, na huenda una mkongwe unayetaka kumrudisha mbele za watu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza kama ataimba tena kesho

Mara ya kwanza kumsimamia mkongwe kwenye mazoezi, nilikaa kwenye kinanda Ijumaa jioni nikiisubiri noti moja ya juu iliyokuwa ikinitia hofu tangu asubuhi. Mama yule akaipanda, akaishika, akaishusha bila kutetereka. Vijana wa kiitikio walisahau kuingia, wakabaki wanamtazama. Nikaenda kulala nikijua tatizo limekwisha.

Jumamosi asubuhi alipofungua kinywa ilitoka pumzi tupu kwanza, kisha sauti ikafuata nyuma yake, nzito, inakatika katikati. "Mwalimu, leo imegoma," akasema, akavuta kiti akakaa. Hakuwa na mafua wala hakuwa amekesha. Alikuwa ameimba vizuri jana yake, basi.

Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote katika kazi hii. Nilitarajia uzee uanze kwa kuchukua noti za juu, kumbe huanza kwa kuchukua uwezo wa kupona. Mwimbaji akishika ile noti ya La ambayo okestra huitumia kulinganisha ala zake, nyuzi zake za sauti hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde. Nyuzi za kijana zikivimba kidogo usiku, asubuhi zimetulia. Kwa mtu mzima misuli yake imepungua, utando unakauka upesi, na uvimbe uleule unataka siku nzima au mbili kupona.

Sasa angalia wenzetu wa Broadway. Desturi yao ni maonyesho manane kwa wiki, na siku mbili kati ya hizo huwa na onyesho la mchana na la usiku. Uzito huo hata vijana huusikia. Patti LuPone alipoimba Evita huko mwaka 1979 alikuwa na miaka 30, na maonyesho ya mchana aliachiwa mwimbaji mwingine. Bette Midler aliporudi na Hello, Dolly! mwaka 2017, akiwa na miaka 71, usiku wa Jumanne uhusika ule ulichukuliwa na Donna Murphy. Hakuna aliyesema Midler ameshindwa. Tiketi zilitangazwa hivyo.

Kwa hiyo kabla hujamwita mkongwe kusikiliza sauti yake, panga ratiba. Umwite siku mbili mfululizo, na siku ya pili ndiyo umsikilize kwa makini.

2. Shusha kii mapema, kabla wapiga ala hawajazoea

Sauti ya mwanamke baada ya kukoma hedhi mara nyingi huwa nzito na kushuka. Ya mwanamume huweza kwenda upande wa pili: nyuzi zinakonda, sauti inakuwa nyembamba na kupanda kidogo. Mbavu hukakamaa, pumzi hupungua, na ule mtetemo wa sauti uliokuwa mtamu ujanani huanza kwenda polepole na kwa upana, mpaka msikilizaji hajui noti yenyewe iko wapi.

Waimbaji wanaijua miili yao, lakini wimbo uliowapa jina wanataka kuuimba kwenye kii ileile ya kwenye santuri. Mzee mmoja wa taarab alinikatalia kwa siku kadhaa. Siku moja mpiga kinanda akauanzisha toni moja na nusu chini, kwa ridhaa ya mzee mwenyewe, "tujaribu tu." Alipofika kwenye kipande kilichokuwa kikimkaba, shingo yake haikukaza mishipa. Aliimba mpaka mwisho, akatuomba turudie. Yale maneno ya ubeti wa pili, ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiyapita mbio ili awahi noti, siku hiyo tuliyasikia.

Lakini usidhani kushusha kii ni jambo la bure. Katika mchezo wa nyimbo, wimbo mmoja unafungua mlango wa unaofuata. Ukiushusha wa mkongwe, kiungo cha kwenda wimbo unaofuata kinavunjika na lazima kiandikwe upya. Wakiimba wawili, yule mwenzake kijana anaweza kujikuta chini kabisa asikosikika. Wapiga tarumbeta na filimbi nao wanahitaji karatasi mpya. Ndiyo maana nasema mapema. Uamuzi huu ukifanywa wiki ya mwisho, wote wanaadhibiwa.

3. Tafuta uhusika ambao umri ni sehemu ya hadithi

Mwaka 2016 nilikuwa London kwa mwanangu, akaninunulia tiketi ya Sunset Boulevard kwenye ukumbi wa Coliseum. Nilikuwa nimeisubiri sana. Ni hadithi iliyotokana na filamu ya Billy Wilder ya mwaka 1950: Norma Desmond, nyota wa filamu zisizo na sauti, dunia imemsahau naye hakubali, anaota kurudi. Ndani ya filamu Norma ana miaka 50. Glenn Close aliuimba uhusika huo Broadway mwaka 1994 akapata tuzo ya Tony mwaka uliofuata, na sasa alikuwa anaurudia akiwa na miaka 69.

Fikiri kidogo hapo. Katika mchezo mwingine, kila noti inayotetereka ya mwimbaji wa miaka 69 ingekuwa dosari. Katika mchezo huu, mwanamke anayesimama mbele ya watu akidai kwamba bado ni yule yule anaruhusiwa kutetereka. Kutetereka huko ndiko hadithi yenyewe. Msikilizaji anasikia miaka iliyopita ndani ya sauti, na kijana hata awe hodari namna gani itambidi aiigize miaka hiyo.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Chita Rivera, aliyekuwa Anita wa kwanza wa West Side Story mwaka 1957. Mwaka 2015, akiwa na miaka 82, alikuwa Broadway akiongoza The Visit, mchezo wa mwanamke tajiri anayerudi uzeeni katika mji uliomwonea ujanani. Huwezi kumpa mtu wa miaka arobaini uhusika huo ukaeleweka vilevile.

Niseme wazi ninapopinga. Kuna wakongwe wanaotaka kurudia uhusika wa msichana anayeposwa kwa sababu ndiyo uliowapa jina, na waandaaji huwakubalia kwa ajili ya tiketi. Watazamaji hupiga makofi kwa heshima, lakini nimeona sura zao. Kumheshimu mzee ni kumtafutia kazi inayomfaa.

4. Mwigizaji wa akiba aandaliwe tangu siku ya kwanza

Sikumwona Glenn Close usiku ule. Alikuwa ameugua kifua, kalazwa hospitali. Tangazo lilipotolewa ukumbi ulijaa minong'ono, na jirani yangu alikunja karatasi yake ya maonyesho akaitia mkobani. Akatoka Ria Jones, mwigizaji wa akiba.

Mwanzoni watu walimsikiliza kwa mikono iliyofumbatwa. Katikati ya wimbo wake mkubwa wa kwanza yule jirani akaitoa karatasi tena akatafuta jina lake. Mwishoni ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Baadaye nikajua kwamba Ria Jones ndiye aliyeuimba uhusika wa Norma katika majaribio ya mwanzo kabisa ya mchezo huo, mwaka 1991, kwenye tamasha la mtunzi Andrew Lloyd Webber huko Sydmonton, wakati akiwa msichana wa miaka ya ishirini. Miaka 25 ilikuwa imepita. Sasa alikuwa na umri wa Norma. Mwaka uliofuata alianza kuuzungusha mchezo huo katika miji ya Uingereza kama nyota mwenyewe, na Close, aliyepona na kurejea jukwaani, akaupeleka Broadway Februari 2017.

Kwetu mwigizaji wa akiba huteuliwa mkongwe akishaugua. Anakabidhiwa karatasi asubuhi, jioni anasukumwa jukwaani, na akikosea lawama ni zake. Mtu huyo alistahili kukaa kwenye mazoezi tangu siku ya kwanza, apewe siku yake ya kuimba na bendi nzima, na alipwe kwa kukaa tayari. Mkongwe naye hulala vizuri akijua kwamba akiamka na homa kazi haitakufa. Wengi wao huimba wakiwa wagonjwa kwa sababu tu wanajua hakuna mwingine.

5. Tazama magoti kabla ya koo

Kwenye mazoezi ya mkongwe mmoja nilikuwa nasikiliza, sikuwa natazama. Mwanafunzi wangu mmoja ndiye aliyeniambia: "Mwalimu, mama anapungukiwa na pumzi pale akitoka ngazini, siyo kwenye wimbo." Nikasogea pembeni ya jukwaa nikatazama. Mama alikuwa anapanda vipago vitatu, mkono mmoja umeshika gauni lisimkwaze, mwingine unatafuta mahali pa kushika na hapakuwapo, kisha noti yake ya kwanza inamkuta bado anahema. Tukazihamisha zile ngazi akawa anashuka badala ya kupanda, tukaweka kiti chenye mgongo mrefu pale alipohitaji mkono. Wimbo uliokuwa ukimsumbua kwa wiki nzima ukakaa sawa, na koo lake hatukuligusa.

Chita Rivera alivunjika mguu vibaya katika ajali ya gari mwaka 1986. Mwaka 1993, akiwa na miaka 60, alipata tuzo ya Tony kwa Kiss of the Spider Woman. Alirudi na mwili mwingine, na uchezaji ukapangwa kuufuata mwili huo.

6. Sauti iliyokauka isifunikwe kwa dawa za kulainisha koo

Hili nalisema kwa mkato kwa sababu halina mjadala. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mwimbaji aende kwa daktari wa koo, atazamwe nyuzi kwa kamera. Tangawizi na asali ni vinywaji vizuri, ila havitibu kinundu. Na upasuaji nao si wa kukimbilia: Julie Andrews alifanyiwa wa koo mwaka 1997, baada ya kuimba Victor/Victoria Broadway, na sauti ile ya kuimba haikurudi tena. Alikuwa na miaka 61.

Watu hunitajia Bi Kidude, mwimbaji wa taarab aliyevuta sigara na kuimba mpaka uzeeni sana. Ni kweli, nilimsikia Ngome Kongwe na nywele zilinisimama. Usimfanye kipimo chako. Hatuwajui wale waliovuta kama yeye wakanyamaza wakiwa na miaka hamsini.

7. Taarab imeshatuonyesha njia

Jambo moja nililiona kwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, ambalo linafaa kwa kila anayeandika mchezo wa nyimbo. Hakuwahi kuharakishwa. Ala zilipiga, yeye akangoja. Akaimba ubeti kwenye kii yake, wenzake wakaitikia, watu wakainuka kwenda kumtunza, na muda wote huo pumzi yake inarudi. Taarab ina mapumziko ndani ya muundo wake, na msikilizaji hayahesabu kuwa mapumziko, kwa sababu ndiyo utamu wenyewe. Mchezo wa Broadway haukungoji. Okestra ikianza, umeingia au umeachwa.

Basi mbona tunaiga michezo iliyoandikwa kwa mapafu ya miaka thelathini, halafu tunawalaumu wazee wetu? Tuandike yetu. Mimi na vijana wachache tunaandika mchezo kuhusu Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akarekodi santuri Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950, na kabla hajafariki alimsimulia Shaaban Robert maisha yake, ambayo yakawa kitabu. Masimulizi hayo ndiyo kiunzi chetu. Siti mzee ameketi, anasimulia, na kila anapofika pahali pagumu anaimba mwenyewe, kwa kii ya chini, udi na kanuni vikimtangulia. Siti wa ujanani ni msichana mwingine, naye ndiye anayebeba noti za juu na kucheza. Mara moja tu, karibu na mwisho, wanaimba pamoja, na wimbo huo tumeanza kuuandika kwa sauti ya mzee kwanza. Ya kijana itapandishwa juu yake.

Maonyesho yatakuwa Ijumaa usiku na Jumapili alasiri. Jumamosi mama analala.