Mkono Unaouma: Usikande, Usivute, Usikaze

Kijitabu cha nyumbani kwa wazazi wa Lubumbashi

KABLA YA YOTE

Mtu akianguka na mkono ukavimba, usiukande. Usiuvute. Usiukaze kwa vijiti na kamba. Ukiishia kusoma hapa, umeshapata kubwa kuliko yote.

MSIMU WA MAEMBE

Maembe yakianza kuiva, watoto wa mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi wanapanda miti, na sisi wa afya tunaanza kuhesabu. Mtoto anateleza, anatanguliza mkono, kiwiko kinapokea uzito wote. Jioni kimevimba. Bibi anachemsha maji ya chumvi, anakanda. Kesho yake anaitwa fundi wa mifupa: anavuta, anapanga vijiti, anakaza kwa mpira wa baiskeli. Usiku kucha mtoto analia, wakubwa wanasema dawa inafanya kazi. Siku ya tatu halii tena, na nyumba nzima inafurahi.

Mimi hapo ndipo ninapoogopa. Mkono ulionyamaza chini ya kamba iliyokazwa huenda unakufa. Damu ikizibwa, saa 6 tu zinatosha kuharibu nyama kwa namna isiyotengenezeka.

Niliwahi kuletewa mtoto wa darasa la pili, vidole vyeusi, vinanuka. Alirudi nyumbani bila mkono wa kuume. Mfupa ulikuwa na ufa tu. Wiki chache za plasta zingetosha. Kilichomkata mkono si mwembe.

Basi narudia: usikande, usivute, usikaze.

“LAKINI ANASOGEZA VIDOLE!”

Vidole vinaweza kusogea na mfupa umevunjika. Hicho si kipimo.

FUNDI WA MIFUPA NA PESA

Simtukani fundi. Wengine ni wazee wenye huruma, tena wanakubali kulipwa kidogo kidogo, au kwa kuku. Hospitali inataka pesa mbele. Hilo nalijua, na linaniuma. Ila fundi haoni ndani ya mkono. Anayeona ni picha ya mfupa, ile tunayoiita radio. Anzeni kituo cha afya cha mtaa wenu, mkapewe karatasi ya kutumwa mbele, kwa mfano Hospitali ya Jason Sendwe. Picha moja na plasta, hata ikibidi kukopa kwa shemeji, ni bei ndogo kuliko upasuaji wa kukata mkono.

LA KUFANYA NYUMBANI

Vua pete, bangili na saa mapema, kabla uvimbe haujazibana. Tundika mkono kwa kitenge kilichofungwa shingoni, ukae jinsi mgonjwa mwenyewe anavyouona nafuu. Usiunyoshe. Ukitaka kuuegemeza, weka kipande cha katoni chini yake, ufunge kwa kulegeza: kidole chako kipite chini ya kitambaa. Weka kitambaa cha maji baridi, si ya moto. Mkono ukionekana umepinda, usimpe bukari wala chai njiani. Huenda atalazwa usingizi ili mkono unyoshwe. Kama kuna jeraha, funika kwa kitambaa safi, usipake majivu, mafuta wala dawa ya majani, na uliza sindano ya pepopunda. Mfupa ukitokeza nje, usiusukume ndani.

Usisubiri kesho vidole vikiwa baridi, vimepauka au vyeusi, vina ganzi, au maumivu yanazidi vidole vikinyoshwa. Tafuta pikipiki usiku huohuo.

MTOTO ALIYENYANYULIWA KWA MKONO MMOJA

Unamvuta mtoto wa miaka 2 apande basi, kiwiko kinalia “tak”, anaacha kuutumia mkono. Kimeteguka. Muuguzi aliyefunzwa anakirudisha kwa dakika moja. Wewe usijaribu. Siku nyingine mnyanyue kwa kumshika kwapani.

MTOTO ASIYEANGUKA

Mkono unauma, mwili una homa, mtoto hataki uguswe: huenda mfupa una usaha. Kumkanda ni kupoteza siku ambazo dawa ingefanya kazi. Hospitali leo.

Mtoto mchanga akivimba vidole vya mikono, pengine na miguu, apimwe SS (selimundu). Tunaijua sana hapa Katanga, lakini bado kuna nyumba zinazotafuta mchawi. Mtoto wa SS akishikwa na maumivu, mpe maji mengi ya kunywa, mfunike vizuri, hasa baridi za Juni na Julai, na umpe parasetamoli kwa kipimo chake. Barafu hapana. Akipata homa, hospitali.

MKONO ULIOCHOKA

Kusonga bukari ya watu kumi, kufua, kubeba bidoni za maji, kushusha magunia ya makala, kuponda mawe ya madini: mkono utauma, na mara nyingi si ugonjwa mkubwa. Badilisha mkono, gawanya mzigo, pumzisha siku kadhaa. Ganzi ya vidole usiku huwapata sana wajawazito, na kwa wengi inaisha baada ya kuzaa, isipoisha, uje.

Vidonge vya diklofenaki vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni vinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo na mwenye figo mbovu wasiviguse bila kuuliza. Maumivu yakipita wiki mbili, au mkono ukipungua nguvu, uje upimwe.

MKONO NA KIFUA

Mtu mzima mkono ukimuuma pamoja na kifua kumbana, jasho na pumzi fupi: ni moyo mpaka daktari aseme siyo, mpelekeni sasa hivi.

UKIRUDI NA PLASTA

Hata plasta yetu inaweza kubana. Siku mbili za kwanza inua mkono juu ya mto, na uangalie vidole asubuhi, mchana na usiku. Vikiwa baridi, vimevimba sana, au mtoto analia bila kutulia, rudi. Usimpe kidonge cha usingizi. Mlinzi akisema daktari amelala, kaa hapohapo mlangoni mpaka aamshwe.