Foni Inasikia Lakini Haisemi: Tuangalie Batri na Nsinga

Wamama na wababa wa koperative, mara hii tunazungumza juu ya moto wa foni. Katika depo moja ya kahawa tuliyotembelea kwenye milima ya Kivu, foni ilikuwa inasikia vizuri kabisa. Lakini kila mara sekretere alipofinya mikro ili ajibu, mashini inazimika. Wanachama walikuwa wamekwisha kuanza kuchanga franka za kununua ingine. Kumbe foni ilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa kwenye nsinga.

Juu ya nini? Foni ya VHF ya kuweka mezani inatumia moto wa volti 12, inapenda hata 13 na kitu. Wakati inasikiliza tu, inakula karibu nusu ya ampere. Wakati unasema, inaweza kukula ampere 10, ni kusema mara 20. Sasa, wale wandugu walikuwa wamevuta nsinga nyembamba ya nyumba, ile ya 1,5 ya kufungia lampe, metre 10 kutoka batri mpaka mezani. Moto unakwenda metre 10 na kurudi metre 10. Ampere 10 zikipita humo, zaidi ya volti 2 zinapotelea njiani. Batri iko na 12,5, foni inapata 10 na kidogo, inakataa. Tulileta batri mpaka metre 2 tu, tukaweka nsinga ya 6, na fizibo ya ampere 15 karibu kabisa na kichwa cha «plus». Foni ikasema siku ile ile. Mchango ulirudi katika kasha.

Tuhesabu pamoja sasa. Foni ikisikiliza saa 10 kwa siku: nusu ampere mara 10, ni ampere-saa 5. Mukisema saa 1 kwa jumla (ni mingi, lakini wakati wa mavuno tunajua namna watu wanasema!): ampere-saa 10. Jumla 15 kwa siku. Batri ya 100 hatuikaushe yote. Nusu yake tu ndiyo yetu, kwani batri ya risasi inayoshushwa chini kila siku inakufa mbio. Kwa hiyo iko na 50 za kutumia, siku tatu bila jua. Pano ya wati 100 inatoa karibu ampere 5 jua likiwaka sana. Siku ya mawingu huku kwetu, tuhesabu saa 3 za jua nzuri: ni 15. Inatosha, lakini bila akiba, na regilateri lazima iwe katikati ya pano na batri.

Hapa ndipo kunatoka magomvi. Telefone moja kubwa inakunywa karibu ampere-saa 1, mara ingine zaidi. Wanachama 20 wakileta telefone zao, wamekula kupita foni yenyewe siku nzima! Hatusemi mukatae watu. Tunasema telefone ziwe na pano yao na batri yao, hata kama inalipisha kidogo kidogo.

Batri ya maji isifungiwe ndani ya sanduku bila hewa, na mtu asiikaribie na kibiriti: wakati inajaa inatoa hewa inayolipuka. Maji yakipunguka, ongeza maji ya batri tu, hapana asidi. Na batri mbili za lori zilizofungwa kwa volti 24, hapana! Zitaunguza foni.

Kila asubuhi mbele ya jua kupiga pano, foni ikiwa imezimwa, sekretere apime na aandike katika daftari. 12,7 batri imejaa. 12,2 iko nusu. Ikiwa chini ya hapo asubuhi mbili zinazofuatana, mufungue foni saa za kupashana habari tu, na mtu apande kupangusa vumbi kwenye pano.