Lishe na Afya ya Ngozi: Pumu ya Ngozi na Pelagra

Katika mada ya Lishe, watahiniwa wengi hukariri jedwali la vitamini na magonjwa yake, kisha hukwama swali linapowaletea mgonjwa badala ya jedwali. Tuanze na swali la namna hiyo.

Mtoto wa miaka minne anaishi Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa. Tangu akiwa mchanga huwashwa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Jirani alimshauri mama yake amwachishe samaki, mayai, karanga na maharage kwa kuwa "vina aleji". Kwa miezi kadhaa sasa mtoto anakula ugali na mboga za majani peke yake. Mwasho haujaisha, na sasa ngozi ya shingoni na ya migongo ya mikono imekuwa nyeusi, ngumu, inabanduka. Pia anaharisha. Eleza kinachomsumbua.

Jibu la haraka ni kwamba aleji imezidi. Jibu hilo halina alama. Dalili zinaonesha magonjwa mawili, na la pili limeletwa na ushauri wa jirani. Tutazame moja baada ya jingine.

Pumu ya ngozi, ambayo vitabu vingine huiita ukurutu, huanzia kwenye udhaifu wa tabaka la nje la ngozi. Tabaka hili likiwa zima ni kama ukuta wa matofali uliosilibwa vizuri: seli ni matofali, mafuta yaliyo katikati yake ni udongo wa kuunganishia. Ukuta ukiwa na nyufa, maji hutoka na ngozi hukauka, kisha vumbi, sabuni kali na bakteria huingia. Mfumo wa kinga hupambana navyo, ngozi huvimba na kuwasha, mtoto hujikuna, na kujikuna huzidisha nyufa. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, pamoja na wenzao walionesha kuwa hitilafu katika jeni ya protini iitwayo filagrini huongeza sana uwezekano wa kupata ugonjwa huu. Kwa watu wa asili ya Afrika hitilafu hizo hazionekani sana, kwa hiyo jeni hiyo si chanzo pekee. Andika "urithi na mazingira", usiandike "urithi" peke yake.

Mazingira yanaonekana vizuri Mbinga. Mwezi Juni na Julai milima ya Umatengo hupigwa na baridi na upepo mkavu, na mwenye pumu ya ngozi huumia zaidi. Vitabu vingi husema ngozi iliyoathirika huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona weusi uliozidi, rangi ya kijivu, au vipele vidogo vidogo vilivyojipanga.

Je, chakula husababisha pumu ya ngozi? Kwa wagonjwa walio wengi, hapana. Baadhi ya watoto, hasa wachanga wenye ugonjwa mkali, huwa pia na aleji ya maziwa, mayai, karanga au samaki. Aleji ya namna hiyo kwa kawaida hujionesha ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: midomo kuvimba, vipele vya ghafla, kutapika, pengine kushindwa kupumua. Mtoto anayekula usipa kila siku bila dalili yoyote kati ya hizo hana sababu ya kunyang'anywa usipa.

Kuna ushahidi mwingine unaopinga kawaida ya kuzuia vyakula. Mwaka 2015 watafiti wa London walitangaza matokeo ya watoto 640 waliochukuliwa wakiwa na umri wa miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na pumu ya ngozi kali au aleji ya mayai. Nusu yao walilishwa karanga, nusu walizuiwa. Walipofika miaka 5, waliolishwa ndio waliokuwa na aleji ya karanga kwa kiwango cha chini mno. (Mtoto mchanga hapewi karanga nzima, itampalia. Husagwa na kuwekwa kwenye uji, na mwenye ugonjwa mkali huonwa na daktari kwanza. Karanga zenye ukungu zitupwe kwa sababu ya sumukuvu.)

Sasa ugonjwa wa pili. Ngozi nyeusi inayobanduka, tena pande zote mbili za mwili na mahali panapopigwa na jua, pamoja na kuharisha, ni dalili za pelagra, upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Alama inayozunguka shingo huitwa mkufu wa Casal, kwa jina la daktari Mhispania aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1735. Usipotibiwa, mgonjwa huchanganyikiwa akili na hatimaye hufa.

Hapa ndipo wengi huuliza: mahindi yana niasini, iweje mla ugali aikose? Niasini ya mahindi imefungamana na kemikali nyingine, na utumbo hauwezi kuifungua. Mwili unaweza kujitengenezea niasini kutokana na triptofani, mojawapo ya asidi za amino, lakini protini ya mahindi ina triptofani kidogo. Njia zote mbili zimezibwa. Watu wa Mexico tangu zamani huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, na chokaa huifungua niasini. Sisi hatupiki hivyo. Dona ni bora kuliko sembe kwa mambo mengi, lakini hata niasini ya dona imefungwa.

Ushahidi mkubwa uko ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra, wagonjwa zaidi ya 17,000. Chakula chao kikuu cha msaada kilikuwa mahindi, na niasini waliipata hasa kwenye karanga. Mgao wa karanga ulipokatika, ngozi zikaanza kubanduka. Mfano huu una thamani katika insha kuliko aya nzima ya maelezo ya jumla.

Rudi sasa kwa mtoto wa Lituhi. Samaki, karanga na maharage ndivyo vilivyokuwa vikimpa niasini na triptofani. Mama alivyoviondoa, kwa nia njema kabisa, alimwachia ugali mtupu. Angeanza kuvimba miguu na uso tungeshuku pia kwashiakoo, nayo huharibu ngozi. Tiba ni kumfikisha kituo cha afya apewe dawa ya niasini na kumrudishia vyakula hivyo. Usipa na maharage ya mashamba ya ngoro vinapatikana karibu, havihitaji kuagizwa Songea. Pumu yake ya ngozi itatunzwa kwa mafuta mazito yasiyo na manukato yanayopakwa mara baada ya kuoga, sabuni isiyo kali, na dawa ya kupaka atakayoandikiwa. Kama kuna chakula kinachoshukiwa kweli, kiondolewe kimoja, kwa muda mfupi, chini ya usimamizi wa mtaalamu.

Vitamini A, vitamini C na zinki nazo huhusika na ngozi. Upungufu wa A huikausha na kuikwaruza. Wa C huleta kiseyeye na vidonda visivyopona. Wa zinki huleta vidonda kuzunguka mdomo na sehemu za haja.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa A anawashwa mikunjo ya viwiko. B ana ngozi iliyobanduka shingoni na mikononi. C anawashwa usiku katikati ya vidole, na ndugu zake pia. Taja ugonjwa wa kila mmoja na utoe sababu.

2. Kwa nini mla mahindi peke yake hupata pelagra ilhali mahindi yana niasini?

3. Familia ya Mbamba Bay ina unga wa muhogo, usipa, matembele, maembe na karanga. Panga mlo wa siku moja wa mtoto mwenye pumu ya ngozi asiye na aleji ya chakula, na ueleze kazi ya kila chakula kwenye ngozi yake.