Kosa Si Lako, Kompaila Imezeeka

Juzi nilikesha Kihonda nikisaka kosa kwenye programu ya C++. Kompaila, yaani ile programu inayogeuza tulichoandika kuwa lugha ya mashine, iling'ang'ania kwamba faili la <filesystem> halipo. Kumbe msimbo uko sawa! Laptopu yangu ya mtumba ilikuwa na Ubuntu 18.04 yenye GCC 7, na faili hilo limeanza na GCC 8.

Ukikwama hivyo, usifute kazi yako. Fanya hivi:

1. Andika g++ --version uone namba.

2. Andika sudo apt update. Hapa wengi tunajidanganya: amri hii inaleta orodha tu, haisakinishi kitu. Fuatisha sudo apt upgrade.

3. Namba ikibaki 7, usishangae. Kila Ubuntu ina GCC yake: 20.04 ina 9, 22.04 ina 11. Nakili mafaili kwenye flashi, chomeka chaja, tumia WiFi ya chuo maana bando litaisha, kisha sudo do-release-upgrade. Hairuki hatua: 18.04 inapita 20.04 kwanza, kama unavyopita Morningside kabla ya kilele cha Bondwa.

4. Jaribu tena: g++ -std=c++17 kazi.cpp.

Wenzangu wa ualimu, shuleni tutakuta kompyuta kuukuu. Mtoto akiambiwa amekosea na hajakosea, ataamini hana kichwa cha kompyuta. Mwalimu, angalia namba kwanza ndipo uweke alama ya kosa.