Paka Mwenye Virusi vya Leukemia: Namna ya Kumtunza Nyumbani

Maswali ya mifugo yanayofika ofisini kwetu kwa kawaida ni ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Hivi karibuni mkazi mmoja wa Genkuru aliuliza kuhusu paka. Damu ya paka wake ilipimwa mjini ikakutwa na virusi vya leukemia, na majirani wakamshauri amtupe porini kwa kuwa ana "UKIMWI wa paka" utakaowafikia watoto. Ushauri huo una makosa mawili, na kosa la pili lina hatari kubwa kuliko la kwanza.

Virusi hivi viligunduliwa mwaka 1964 na Profesa William Jarrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Hukaa katika mate, na paka huambukizana kwa kulambana, kula chombo kimoja na kung'atana. Paka jike huwaambukiza watoto wake. Hushambulia uboho, mahali damu inapotengenezwa, na kuvunja kinga ya mwili. Ndiyo maana paka hukonda, ufizi hupauka, vidonda hutokea kinywani, na homa au kuharisha hurudi kila mara. Hakuna ushahidi kwamba virusi hivi humwambukiza binadamu. Nje ya mwili hufa baada ya saa chache, na sabuni ya kawaida huviua. Kinachoitwa UKIMWI wa paka ni virusi vingine kabisa, ambavyo navyo havimpati mtu. Simba wengi wa Serengeti wana virusi vya jamii hiyo.

Kipimo kimoja hakitoshi kukata tamaa. Baadhi ya paka hufaulu kuvidhibiti virusi, hivyo kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Vikiwa vya kudumu, dawa ya kuviondoa haipo. Paka wengi wa namna hiyo hufa ndani ya miaka 3 hivi, ingawa wengine huishi zaidi na kuendelea kulinda mahindi ghalani dhidi ya panya.

Matunzo yake hayahitaji fedha nyingi. Paka huyo abaki ndani ya nyumba, awe na bakuli lake na asichangamane na paka wengine. Ahasiwe, ili asizae wala kutoroka kwenda kupigana. Chakula chake kipikwe: dagaa waliochemshwa bila chumvi, wakaoshwa mchanga, au nyama iliyoiva. Nyama mbichi na maziwa yasiyochemshwa vina vijidudu ambavyo kinga yake haiviwezi. Apewe dawa ya minyoo na aonwe na mtaalamu kila miezi 6, au mara moja akikataa kula kwa siku nzima. Mateso yakizidi, daktari wa mifugo anaweza kumpumzisha bila maumivu. Hilo si jambo la kufanywa kwa rungu.

Hapa inafaa kutoa onyo, kwa sababu huruma imeua paka wengi. Vidonge vya paracetamol, hata kipande kidogo, ni sumu kwa paka. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe: usimpake paka kwa nia ya kumwondolea viroboto. Ini la paka haliwezi kuzivunja baadhi ya dawa ambazo mtu au ng'ombe huzistahimili.

Sasa tuje kwenye kumtupa porini. Wilaya yetu inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na tunajua magonjwa ya wanyama wa nyumbani yanavyoweza kuvuka mpaka huo. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ya mbwa uliua takribani simba 1,000, yaani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio waliodhaniwa kuwa chanzo. Nchini Hispania, mwaka 2007, virusi hivi vya leukemia viliingia kwa paka mwitu adimu aitwaye linksi katika eneo la Doñana na kuua kadhaa. Chanzo kilikuwa paka wa kufugwa. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumkinga na njaa na mateso.

Paka aliyetupwa pia anaweza kung'atwa na mnyama mwenye kichaa cha mbwa, kisha akarudi nyumbani alikozoea. Ugonjwa huo ndio unaoua watu. Kwa hiyo paka mwenye leukemia bado anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, sawa na mbwa wa boma. Leukemia humdhoofisha paka taratibu; paka aliyebadilika ghafla, akawa mkali, akitoa mate na kuyumba, asishikwe kwa mikono. Mtu akiumwa au kukwaruzwa naye, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwa hatua za mwanzo, mwone afisa mifugo wa kata, naye atakueleza mahali pa kupata kipimo na chanjo. Mbebe paka katika kikapu chenye kifuniko, na uwe umeandika alianza lini kukonda na amepewa dawa gani.